Tamthilia ya Nyimbo na Suala la Lugha: Kutoka Nairobi na Kampala hadi Isiolo

UTANGULIZI

Tamthilia ya nyimbo imezoeleka kuhesabiwa kuwa sanaa ya miji mikubwa. Inahitaji ukumbi, ala za muziki, taa, waimbaji waliofunzwa na watazamaji wenye uwezo wa kulipa kiingilio. Kwa sababu hiyo wahakiki wengi wa tamthilia ya Afrika ya Mashariki huanza mjadala wao Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, na aghalabu huumalizia huko huko. Mji kama Isiolo huingia katika mjadala huo kama ghala la ngoma tu: kikundi huitwa, hucheza kwa dakika chache mbele ya wageni wa heshima, kisha hurudi kilikotoka.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza upya mtazamo huo. Yanashikilia kwamba kikwazo kikubwa cha tamthilia ya nyimbo katika sehemu hizi ni lugha, na kwamba uhaba wa majumba ni kikwazo cha pili tu. Aidha yanashikilia kwamba Isiolo, mji ambamo familia tatu za lugha hukutana katika soko moja la mifugo, unaliweka tatizo hilo wazi kuliko Nairobi. Kabla ya kufika huko, hapana budi kupambanua istilahi.

TAMTHILIA YENYE NYIMBO NA TAMTHILIA YA NYIMBO

Takriban kila tamthilia ya Kiafrika ina wimbo ndani yake. Mwandishi hutia wimbo wa harusi, wa kilimo au wa maombolezo ili kuipa kazi yake sura ya utamaduni, au kuwapumzisha watazamaji baina ya maonyesho mawili. Hiyo ni tamthilia yenye nyimbo. Tamthilia ya nyimbo ni kitu kingine. Humo wimbo hubeba tukio lenyewe: uamuzi hufanywa katika wimbo, siri hufichuliwa katika wimbo, na mhusika anayetoka katika wimbo si yule aliyeingia.

Kipimo chake ni rahisi. Nyimbo ziondolewe zote, kisha kisa kisomwe tena. Kikisimama bila pengo, kazi hiyo ilikuwa tamthilia yenye nyimbo. Kikianguka, au kikabaki na mashimo ambayo maneno ya kawaida hayawezi kuyaziba, basi ilikuwa tamthilia ya nyimbo. Kipimo hiki hakipandishi fani moja juu ya nyingine. Kinasaidia tu kueleza kwa nini suala la lugha lina uzito tofauti katika fani hizi mbili. Katika ile ya kwanza, mtazamaji asiyeifahamu lugha ya wimbo hukosa pambo. Katika ya pili hukosa mchezo mzima.

NAIROBI: JUMBA NA LUGHA YAKE

Jumba la Taifa la Maigizo mjini Nairobi lilifunguliwa Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Lugha iliyotawala jukwaa lake kwa miaka mingi ilikuwa Kiingereza, na tamthilia za nyimbo zilizooneshwa humo zilitoka London na New York. Mabishano ya mwaka 1976 yanajulikana vyema. Kenya ilikuwa ikitayarisha tamthilia mbili za kupelekwa katika tamasha la FESTAC mjini Lagos: The Trial of Dedan Kimathi ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Ngugi ameeleza jinsi ilivyokuwa vigumu kuzipatia siku katika jumba hilo, ambalo lilikuwa limewekewa nafasi kwa mchezo wa nyimbo wa Kimarekani A Funny Thing Happened on the Way to the Forum na kikundi cha dansi kutoka Ufaransa.

Mabishano hayo kwa kawaida husomwa kama ushindani baina ya utamaduni wa kigeni na utamaduni wa taifa. Usomaji huo ni sahihi lakini haukamiliki. Tamthilia zote mbili za Kenya zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Kilichokuwa kikigombewa kilikuwa jumba. Lugha ya jumba haikuguswa.

Iliguswa mwaka uliofuata, tena nje ya Nairobi. Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngugi wa Thiong'o pamoja na Ngugi wa Mirii kwa Kigikuyu, ilianza kuoneshwa tarehe 2 Oktoba 1977 huko Kamiriithu, Limuru, katika uwanja wa wazi uliojengwa na wanakijiji wenyewe. Mwezi wa Novemba kibali chake kilifutwa, na ulipokwisha Desemba Ngugi wa Thiong'o aliwekwa kizuizini. Kwa kipimo kilichotajwa juu, kazi hiyo imesimama mpakani. Sehemu kubwa ya mgogoro wa ardhi inaweza kusimuliwa bila wimbo. Lakini sherehe ya harusi, ambayo huendeshwa kwa majibizano ya gitiiro, haiwezi. Humo pande mbili huombana, hupimana na hukubaliana kwa kuimba, na mtu asiyejua kuimba sehemu yake hana namna ya kushiriki katika makubaliano. Wanakijiji wazee ndio waliowasahihisha waandishi katika mambo kama hayo.

Maitu Njugira, yaani Mama Niimbie, ilivuka mpaka huo. Kazi hiyo, inayohusu maisha ya vibarua chini ya sheria za kikoloni za kipande, ilijengwa takriban yote kwa nyimbo. La muhimu zaidi kwa mjadala huu ni kwamba nyimbo hizo zilitoka katika makabila mbalimbali ya Kenya, kila moja kwa lugha yake. Ilikuwa ioneshwe katika Jumba la Taifa Februari 1982. Kibali hakikutolewa. Maelfu ya watu waliiona katika mazoezi kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya mazoezi nayo kukatazwa, na mwezi Machi 1982 uwanja wa Kamiriithu ukabomolewa. Hivyo jaribio kubwa la kuweka lugha nyingi za Kenya katika tamthilia moja ya nyimbo lilikatizwa kabla halijapata nafasi ya kuhukumiwa kama sanaa. Wanahistoria wa siasa wamelieleza vya kutosha; wahakiki wa fani bado wana deni nalo.

Tamthilia za nyimbo zilizofuata Nairobi zimechukua njia nyingine. Mo Faya ya Eric Wainaina, iliyofika New York mwaka 2009, ni kazi ya mji yenye lugha ya mji. Sarafina! ya Mbongeni Ngema, iliyoanza Johannesburg mwaka 1987, imepata wapenzi wengi Kenya kwa filamu na kwa jukwaa. Kazi hii ya Ngema inastahili kuangaliwa kwa makini. Mazungumzo yake ni ya Kiingereza, na nyimbo zake nyingi ni za Kizulu. Mtazamaji wa Nairobi asiyejua Kizulu huifurahia, lakini huifurahia kwa sababu kisa kimekwisha kuelezwa kwa Kiingereza. Lugha ya Kiafrika imepewa hisia. Taarifa imebaki mikononi mwa Kiingereza. Mgawanyo huo wa kazi ndio unaopaswa kuhojiwa.

KAMPALA NA MOGADISHU

Katika FESTAC hiyo hiyo ya 1977, Uganda ilipeleka Oluyimba lwa Wankoko ya Byron Kawadwa, yenye muziki wa Wassanyi Serukenya. Hiyo ni tamthilia ya nyimbo kwa Kiganda, kazi ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Kawadwa mwenyewe alikuwa mkuu wa sanaa katika Jumba la Taifa la Maigizo la Kampala. Kisa chake kinafumba mambo ya kugombea utawala. Mwaka huo huo wa 1977 Kawadwa alikamatwa na kuuawa na watu wa utawala wa Idi Amin. Kampala ilikuwa imejibu swali ambalo Nairobi ilikuwa haijaliuliza: tamthilia kubwa ya nyimbo inaweza kusimama katika jumba la taifa kwa lugha moja ya Kiafrika. Lakini jibu hilo liliwezekana kwa sababu Kampala imo katikati ya nchi ya Waganda, na sehemu kubwa ya watazamaji waliingia ukumbini wakiwa na lugha hiyo.

Mogadishu ina mfano ulio karibu zaidi na Isiolo, ingawa wahakiki wa Kiswahili hawautaji mara nyingi. Tamthilia ya Kisomali ya miaka ya 1950 hadi 1980 ilikuwa, kwa umbo lake la msingi, tamthilia ya ushairi na wimbo. Jumba la Taifa la Mogadishu, lililojengwa na Wachina mwaka 1967, lilijaa watu waliokwenda kusikiliza mashairi yakiimbwa kwa ala. Mfano maarufu ni Shabeelnaagood ya Hassan Sheikh Mumin, iliyotokea mwaka 1968, ambayo B. W. Andrzejewski aliifasiri kwa Kiingereza na kuichapisha mwaka 1974. Ni kisa cha laghai wa mjini anayemhadaa msichana kwa ndoa ya uongo. Hoja nzito za mchezo, zikiwamo lawama na majuto, zimewekwa katika ushairi.

Ikumbukwe kwamba Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972. Tamthilia za kabla ya hapo zilitungwa na kujifunzwa kwa kusikia, zikaenea kwa redio na kwa kanda. Watunzi wake hawakuona pengo baina ya fasihi simulizi na jukwaa la mji, kwa kuwa jukwaa lilikuwa mahali papya pa kazi ya zamani. Mashairi hayo hufuata kanuni kali ya vina vya mwanzo: sauti moja iliyochaguliwa hurudiwa mwanzoni mwa maneno, mstari baada ya mstari, mpaka mwisho.

Hapa pana somo kwa mfasiri wa Kiswahili. Ushairi wa Kiswahili umejenga mapokeo yake juu ya vina vya kati na vya mwisho, lakini sarufi yenyewe ya lugha huzaa vina vya mwanzo bila kuombwa. Sentensi kama "kisima kile kikubwa kimekauka kabisa" imejaa sauti moja, na hakuna aliyekusudia kutunga shairi. Upatanisho wa ngeli ndio uliofanya kazi hiyo. Basi mfasiri akitegemea viambishi atapata kwa bei rahisi kile ambacho mshairi wa Kisomali hukitolea jasho, na sikio la msikilizaji halitakithamini. Ili uzito wa kanuni ubaki, itambidi atafute sauti hiyo katika mizizi ya maneno, si katika viambishi. Swali kama hili huwezi kulijibu kwa nadharia; linahitaji mtu wa kukaa na lugha zote mbili. Na watu wa namna hiyo wamo Isiolo.

ISIOLO: MJI WA LUGHA NYINGI

Isiolo ulikuwa makao makuu ya utawala wa kikoloni katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na mahali pa karantini ya mifugo iliyotoka kaskazini. Wasomali wengi wa mji huo ni wa uzao wa askari waliolitumikia jeshi la Uingereza, wakapewa makazi hapo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Wenzao katika mji na kandokando yake ni Waborana, Wasakuye wanaosema Kiborana, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Kiborana na Kisomali ni lugha za Kikushi. Kiturkana na Kisamburu ni za Kinailo. Kimeru ni ya Kibantu. Kiswahili ndicho kinachofunga mapatano ya bei ya ng'ombe na ngamia baina ya wote hao.

Hakuna kabila miongoni mwa hayo lililokosa wimbo wenye kazi. Waborana na Wasamburu huimba wanapoteka maji kutoka visima virefu. Watu husimama kwa ngazi mmoja juu ya mwingine, na mdundo wa wimbo huongoza ndoo zisigongane; anayepoteza mdundo humwaga maji ya mifugo ya jamaa yake. Wanawake wa Kisomali wana buraanbur yao, ushairi wa kike wenye mizani yake. Waturkana wana edonga. Kwa kipimo cha makala haya, wimbo wa kisimani ni tamthilia ya nyimbo katika hali ya mbegu: uondoe wimbo, na kazi yenyewe itasimama.

Nyimbo kama hizo zimepata jukwaa la kudumu katika tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo. Tamasha hilo lilianza mwaka 1959 likiwa la Kiingereza, kisha kwa miongo iliyofuata likapanuka na kukaribisha Kiswahili, mashairi, masimulizi na ngoma bunifu. Ngoma bunifu ni fani yenye kustahili heshima kuliko inayopewa na wahakiki. Humo wanafunzi huchukua nyimbo na mwendo wa ngoma ya jamii fulani, wakazipanga upya ili kusimulia kisa kimoja chenye mwanzo, mgogoro na mwisho. Hiyo ndiyo tamthilia ya nyimbo ya Kenya, nayo imekuwa ikitungwa kila mwaka mbele ya macho ya wote bila kuitwa kwa jina lake.

Hata hivyo ina udhaifu uliotajwa hapo juu kuhusu Sarafina!. Nyimbo huwa kwa lugha ya jamii, na mtazamaji wa jamii nyingine aghalabu hutegemea maelezo mafupi ya Kiswahili au Kiingereza ili ajue kinachotendeka. Kinachobaki ni kutazama mavazi na miruko. Wimbo wa Kiborana ambao nyumbani ni hoja, ukifika jukwaani unageuka rangi.

MKALIMANI KATIKA JUKWAA

Njia mbili hupendekezwa mara kwa mara. Ya kwanza ni kuzifasiri nyimbo zote kwa Kiswahili. Njia hiyo inapendeza kwa wapenzi wa lugha ya taifa, na katika Tanzania ina mfano mzuri: Harakati za Ukombozi ya Penina Muhando, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya, iliyochapishwa mwaka 1982, inachanganya ngoma, nyimbo na mazungumzo, na Kiswahili ndicho lugha yake ya kusimulia. Lakini hali ya Tanzania si hali ya Isiolo. Kiswahili cha Isiolo ni lugha ya wote kwa sababu si lugha ya mama ya jamii yoyote kati ya hizo kubwa. Kumlazimisha bibi wa Kisomali aimbe buraanbur kwa Kiswahili ni kumvua silaha yake kabla ya pambano.

Njia ya pili ni kuziacha nyimbo katika lugha zake na kuyaweka mazungumzo katika Kiswahili. Hii ni bora, lakini ikiachwa hivyo hivyo inarudia kosa la Sarafina!, tofauti ikiwa tu kwamba Kiswahili kimekalia kiti cha Kiingereza. Lugha ndogo zitaendelea kulia na kushangilia, na lugha kubwa itaendelea kueleza.

Ipo njia ya tatu, na maisha ya Isiolo yenyewe ndiyo yanayoionesha. Katika baraza la chifu, mahakamani na hospitalini, mkalimani ni mtu wa kila siku. Kila mmoja amewahi kumsikia akifupisha hotuba ndefu kwa maneno matatu, au akilainisha tusi ili amani isivunjike. Mtunzi akimfanya mkalimani huyo mhusika kamili, nyimbo zinaweza kubaki katika lugha zake na bado zikabeba taarifa ambayo haipatikani mahali pengine. Mtazamaji asiyejua Kiborana atamtegemea mkalimani, kama raia anavyomtegemea barazani. Mtazamaji ajuaye Kiborana atatambua pale mkalimani anapoficha jambo. Hivyo ukumbi utagawanyika baina ya wanaojua na wanaoambiwa, na wimbo unaofuata utaubadilisha mgawanyo huo, kwa kuwa utakuwa wa Kiturkana au wa Kisomali. Hakuna mtazamaji atakayekuwa bwana wa mchezo wote, na hakuna atakayekuwa mgeni kwa mchezo wote.

Tukio la mwaka 1963 laweza kutumika kama mfano. Mwezi Juni mwaka huo Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido, wakati watu wa kaskazini walipogawanyika baina ya kujiunga na Somalia na kubaki Kenya. Vita vya shifta vikafuata, navyo viliendelea hadi 1967. Jina la Wabera limo katika kata moja ya mji wa Isiolo na katika barabara moja ya Nairobi. Tamthilia ya Kiingereza juu ya tukio hilo ingeelekea kuwa kesi: nani alikuwa na haki, nani alikuwa mhaini. Tamthilia ya Kiswahili pekee ingeelekea kuwa hotuba ya umoja wa taifa. Tamthilia ya nyimbo yenye mkalimani ingeweza kuwaleta pamoja waliotaka kuondoka na waliotaka kubaki, kila upande ukitetea haki yake kwa ushairi wake, na kumwacha mkalimani katikati akiwa na mzigo wa kuchagua neno. Katika mazingira yale, neno moja lililofasiriwa vibaya lingeweza kugharimu roho.

PINGAMIZI

Mtu anaweza kusema kwamba tamthilia ya namna hiyo ni ngumu kwa watazamaji wa kawaida. Pingamizi hili limemfikiria mtazamaji wa Nairobi. Kwa mkazi wa Isiolo kusikia lugha nne kabla ya adhuhuri ni jambo la kawaida. Kilicho kigeni kwake ni saa mbili za lugha moja.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mtunzi mmoja hawezi kuzijua lugha tano kwa kiwango cha ushairi. Ni kweli, na ndiyo maana mfano wa Kamiriithu ungali hai. Huko waandishi walileta muswada, wanakijiji wakausahihisha. Kazi ya Isiolo haitakuwa na mwandishi mmoja, na wahakiki waliozoea kuuliza "mwandishi anasema nini" watalazimika kujifunza swali jingine.

HITIMISHO

Imeoneshwa kwamba jumba la Nairobi lilibishaniwa mwaka 1976 bila lugha yake kuguswa. Kwamba Kampala na Mogadishu zilithibitisha uwezo wa tamthilia ya nyimbo kwa lugha moja ya Kiafrika. Na kwamba jaribio la lugha nyingi, lililoanzishwa na Maitu Njugira, lilikatizwa mwaka 1982 na halijaendelezwa ipasavyo. Isiolo inayo mali ghafi ya kuliendeleza.

Kinachokosekana ni kazi ya chini ambayo idara za lugha za Kiafrika zina wajibu wa kuifanya. Nyimbo za visimani, za harusi na za maombolezo zikusanywe kwa sauti na kwa maandishi, pamoja na maelezo ya nani humwimbia nani, wakati gani, na nini hutokea wimbo ukikosewa. Bila maelezo hayo ya mwisho, mkusanyaji atarudi na mashairi mazuri ambayo hakuna mtunzi awezaye kuyatumia. Visima vingi sasa vina pampu, na palipo na pampu hapana haja ya mdundo wa kuongoza ndoo. Waliozijua nyimbo hizo kama kazi wanapungua, na wanaozijua kama maonyesho wanaongezeka.